Maandishi ya Pambizoni

Nilikuwa darasa la saba nilipoliona neno "Sherehe" kwenye kurasa za mwisho za diwani moja ya mashairi. Nikadhani mtunzi ametuwekea habari za harusi, nikaruka mashairi yote niende kuzisoma. Nilichokikuta ni safu ya maneno magumu, kila moja na maana yake kando. Mwalimu wetu alicheka, kisha akatueleza kwamba sherehe hiyo ni nyingine: ni ufafanuzi, na kitenzi chake ni kusherehesha. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, sharh, kufunua kilichofungika. Kiswahili kikalipokea na kulipa kazi mbili, ya ngomani na ya kitabuni.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuata sherehe ya pili kinyumenyume, kutoka kwenye miongozo ya fasihi inayouzwa leo katika maduka ya vitabu mpaka kwenye hati za kale za mwambao, nikitaka kujua ni nani waliotufungulia tungo za zamani, na walifanyaje kazi hiyo. Safari inafika kisiwa cha Pate.

Katika darsa za misikitini, kitabu hakikusomwa peke yake. Kulikuwa na matini, maneno ya mtunzi mwenyewe, na kulikuwa na sherehe yake, mara nyingi kwenye ukurasa uleule, matini yakikaa mahali pake na maelezo yakiyazunguka pambizoni. Mwanafunzi aliyekaa mkekani alijifunza kuyasoma yote mawili kwa pamoja, jicho likienda katikati na kurudi ukingoni. Hakuna aliyeona aibu kuhitaji maelezo. Hata mwalimu aliyapata kwa mwalimu wake.

Mfano ni Hamziya, kasida ya Kiarabu iliyotungwa Misri katika karne ya 13 na al-Busiri, mtunzi yuleyule wa kasida ya Burda. Inamsifu Mtume, na lugha yake ni nzito hata kwa Mwarabu. Mshairi wa Pate, Sayyid Aidarusi bin Athmani, aliifasiri kwa mashairi ya Kiswahili, na kufikia karne ya 18 tafsiri hiyo ilikuwa ikinakiliwa. Mpangilio wa hati zake ndio ulionivutia zaidi: mstari wa Kiarabu, na chini yake mstari wa Kiswahili, kisha Kiarabu tena, kisha Kiswahili. Msomaji hakupewa tafsiri iende badala ya asili. Alipewa zote mbili zishikane mikono, mstari kwa mstari, ili aliyejua Kiswahili tu aweze kupanda kidogo kidogo mpaka juu kwenye Kiarabu. Kwangu mimi hicho ni miongoni mwa miongozo ya kwanza ya fasihi katika lugha yetu. Na Kiswahili chake ni cha kale kiasi kwamba leo mstari wa chini nao unahitaji mstari mwingine chini yake.

Pate hiyohiyo ilimlea Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, ambaye pia alizishika beti zinazonasibishwa na mshairi wa kale Fumo Liyongo akazitia takhmisi: ubeti wa kale ukaongezewa vipande vitatu, ukawa wa vipande vitano. Vipande vipya vinatangulia, vinaandaa njia, kisha maneno ya Liyongo yanaingia yakiwa yameshafunguliwa mlango. Huo pia ni ufafanuzi, ila umefanywa na mshairi kwa ushairi.

Lakini kisa ninachotaka kukaa nacho ni cha Mombasa, na kinamhusu Muyaka bin Haji.

Muyaka alizaliwa mwaka 1776 hivi na kufariki 1840. Aliishi Mombasa iliyotawaliwa na ukoo wa Mazrui, mji uliokuwa ukipigania uhuru wake dhidi ya Oman kwa miaka mingi. Mwaka 1812 hivi, Mombasa na Pate zilipeleka jeshi Lamu, likashindwa vibaya ufukweni Shela, katika vita ambavyo watu wa huko huviita vya Kuduhu. Kabla ya mapigano na baada yake, mashairi yalikwenda na kurudi baharini kama barua, Muyaka akisema upande wa Mombasa na Zahidi Mngumi akijibu upande wa Lamu. Lamu ikamwita Seyyid Said wa Oman aje kuilinda, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikaanguka mikononi mwake. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Muyaka aliyaona hayo yote. Miaka mitatu baadaye akafa.

Mashairi yake, wakati anayatunga, hayakuhitaji mwongozo. Yalitolewa barazani, mbele ya watu waliomjua anayesemwa, waliojua nani kamjibu nani jana, na chombo gani kimeingia bandarini asubuhi hiyo. Akitaja mnyama, walijua ni mtu gani. Akitaja mahali, walikuwa wamesimama papo hapo. Ubeti wa mistari minne ulitosha kwa sababu nusu ya shairi ilikuwa tayari imo vichwani mwa wasikilizaji.

Nusu hiyo ndiyo iliyoanza kufa. Kufikia miaka ya 1880, waliokuwa vijana barazani kwa Muyaka walikuwa wazee wa mvi. Beti zilikuwa zingali zikiimbwa na kutajwa kwa methali, lakini sababu zake zilikuwa zikizikwa pamoja na waliozijua. Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa na mshairi mwenyewe, aliyejitwika kazi ya kuyakusanya.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mtu asiyetarajiwa. William Ernest Taylor, mmisionari Mwingereza wa Church Missionary Society, alifika Afrika Mashariki mwaka 1880 na kuishi Mombasa. Alikipenda Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa mapenzi ya kweli. Mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili, na maelezo aliyoyatia humo yanaonyesha mtu aliyekuwa akiuliza sana na kusikiliza sana. Waislamu wengi wa mji hawakukubaliana naye katika dini, na Mwalimu Sikujua alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu. Hata hivyo wawili hao waliketi pamoja juu ya mashairi ya Muyaka. Mmoja alileta beti na maana zake. Mwingine aliandika.

Tuangalie kwa karibu kazi hiyo ilikuwa na ugumu gani. Mashairi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo hazikuumbwa kwa ajili ya Kiswahili. Hazikuwa na p, wala ch, wala g, wala v. Irabu ziliandikwa kwa alama tatu tu, kwa hiyo e na i zilivaa alama moja, na o na u vilevile. Sauti ya pua mbele ya konsonanti mara nyingi haikuandikwa kabisa. Chukua neno dogo lenye herufi ya be, kisha te, kila moja ikiwa na alama ya a. Msomaji mmoja atalisoma bata. Wa pili atasoma pata. Wa tatu, kama anajua habari za nazi, atasoma mbata. Wote watatu wamesoma sawasawa kilichoandikwa. Anayejua lipi ni lipi ni yule tu aliyekwisha lisikia shairi likitolewa, au aliyefundishwa na aliyelisikia.

Sasa weka maneno kama hayo sita au manane katika ubeti mmoja. Ndiyo maana ninasema kwamba hati ya Muyaka bila Mwalimu Sikujua ingekuwa sanduku lililofungwa ufunguo ukiwa baharini. Kwanza alisaidia kusema neno ni lipi. Pili, lina maana gani katika Kimvita cha zamani. Tatu, na hili ndilo kubwa, shairi lilitungwa kwa sababu ya nini. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Naiona tarehe hiyo kila nikimsoma Muyaka, maana inaonyesha jinsi dirisha lilivyokuwa dogo. Taylor angefika miaka kumi baadaye, asingemkuta.

Taylor aliondoka, na makaratasi yake mwishowe yakawekwa katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Mtaalamu wa Ulaya, William Hichens, aliyafanyia kazi, na mwaka 1940 Diwani ya Muyaka ikachapishwa Johannesburg na Witwatersrand University Press. Miaka 100 kamili tangu mtunzi wake afe, na katika mji ambao Muyaka hakupata kuusikia kwa kuwa haukuwapo.

Huko Lamu kazi kama hiyo ilikuwa ikifanywa na Muhamadi Kijuma. Alikuwa mchongaji wa milango, mwandishi wa hati za kupendeza, mwanamuziki na mshairi. Utendi wa Liyongo tunaousoma leo ni wake, wa mwaka 1913. Wataalamu wa Ulaya waliotaka tenzi za kaskazini walipita kwake: Alice Werner, Hichens, na Mjerumani Ernst Dammann aliyekaa Lamu mwaka 1936. Aliwanakilia tungo na kuwaeleza maneno. Vitabu vilivyotoka vikabeba majina ya hao wageni kwenye jalada, na jina la Kijuma likaenda kwenye shukrani. Jambo hili linanisikitisha, na sidhani kama tumelilipa deni lake mpaka leo.

Kisha likatokea jambo lililotugeuza sote kuwa wanaohitaji sherehe. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kukisimamia vitabuni na shuleni. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ndio uliotupa lugha moja kutoka Kisumu hadi Songea. Lakini bei yake ililipwa na mashairi. Kiamu cha Lamu na Kimvita, lugha zilizobeba tungo nyingi kubwa za kale, zikawa lahaja za pembeni, na mtoto aliyesomeshwa Kiswahili sanifu akawa mgeni nyumbani kwa Muyaka.

Mgeni huyo ni mimi. Bibi yangu alikuwa mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, na mimi nilikulia bara. Likizo moja nilikuwa nikimsomea shairi la zamani kwa sauti, nikafika kwenye neno teka. Nikasimama kumweleza, kwa ujuzi wa shule, kwamba hapa mtu anateka maji, au pengine anateka mji, maana kulikuwa na vita. Bibi akaniwekea mkono mgongoni.

"Huyo hateki maji wala hateki mji, mwanangu," akasema. "Yuwateka. Yuwafurahi."

Penye ch ya Kiunguja, Kimvita mara nyingi kina t inayotamkwa ulimi ukigusa meno: macho ni mato, mchele ni mtele, kucheka ni kuteka. Bibi aliitamka mara mbili, t ya maji na t ya kicheko, na sikio langu lilichukua muda kuzitenganisha. Shairi zima lilibadilika. Nililokuwa nimelisoma kama habari ya ushindi lilikuwa ni la mtu aliyekaa na mpenzi wake.

Miaka ya 1950 na 1960 sherehe ilianza kuandikwa na wenyewe, kwa ajili ya wenyewe. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Watu wengi hukikumbuka kitabu hicho kama amri kwa watunzi, na baadaye wanamapinduzi wa ushairi huru walikipiga vita kwa sababu hiyo. Mimi nakiona pia kama zawadi kwa wasomaji. Mzaramo, Mhaya au Mkikuyu ambaye hakukulia barazani alipata mkononi maneno vina, mizani, kituo, akajua masikio yake yasikilize nini.

Mombasa ilimpata Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa shule, ambaye kwangu ni mrithi halisi wa Mwalimu Sikujua. Mwaka 1971 alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, akaiandikia maelezo kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Kimvita. Miaka miwili baadaye aliandika utangulizi wa Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Mashairi hayo yalitungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, baada ya mtunzi kufungwa kwa kijikaratasi kilichohoji Kenya inaelekea wapi, na aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Fikiria kazi ya kueleza mashairi ya namna hiyo. Kuna shairi linaloitwa Mamba. Mfafanuzi akisema waziwazi mamba ni nani, anamrudisha mshairi kizuizini. Akinyamaza kabisa, msomaji wa Nyeri atafikiri ni habari za mtoni. Chiraghdin aliwapa wasomaji lugha, na fumbo akaliacha liseme lenyewe. Kitabu kikapata Tuzo ya Kenyatta mwaka 1974, kutoka katika nchi ileile iliyomfunga mwandishi. Chiraghdin alifariki 1976, akiwa na umri wa miaka 42 tu.

Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani. Mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza sekondari, ulifanywa 1989. Ilikuwa furaha kubwa kwa lugha, na nasema hivyo bila kusita: mamia ya maelfu ya vijana walikutana na riwaya na tamthilia za Kiswahili ambazo wazazi wao hawakuzijua. Pamoja nao ukazaliwa mwongozo kama tunavyoujua, kijitabu chembamba chenye jina la kitabu kingine kwenye jalada. Muhtasari wa kila sura, dhamira, maudhui, wahusika na sifa zao, mbinu za lugha, maswali na majibu. Tanzania nayo ilikuwa na yake, kwa vitabu vyake teule.

Mingi iliandikwa na walimu wazuri. Lakini kwa mara ya kwanza sherehe iliondoka ukurasani. Kwenye hati ya Hamziya usingeweza kununua mstari wa Kiswahili ukauacha wa Kiarabu dukani. Mwongozo ulikuwa kitabu peke yake, wenye bei nafuu, na mwanafunzi mwenye fedha za kitabu kimoja alijua achague kipi.

Mimi nilichagua hivyo. Kidato cha tatu tulikuwa tukisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, na nakala za darasa hazikutosha. Rafiki yangu alikuwa na mwongozo uliotolewa fotokopi, kurasa zake zimeinama upande mmoja, na maneno ya mwisho wa mistari yamekatika. Tuliukariri. Nilijua kwamba Maimuna ni mhusika mkuu, kwamba ni mwathiriwa wa malezi, kwamba Bwana Maksuudi anawakilisha unafiki. Niliandika hayo kwenye karatasi ya mtihani nikapata alama nzuri. Riwaya yenyewe niliisoma miaka minne baadaye, kwenye basi la usiku, na nilipofika penye yule msichana aliyefungiwa nyumbani, dunia ikimfikia kwa masikio tu, nilifunga kitabu nikatazama nje kwenye giza kwa muda mrefu. Mwongozo ulikuwa umesema "ametengwa". Ulikuwa umesema kweli.

Swali moja la mtihani ule sikulielewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Kila mwanafunzi wa Kenya analijua: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Tulifundishwa kulijibu kwa mambo manne. Msemaji ni nani? Anamwambia nani? Wako wapi? Kwa nini anasema? Tuliyaandika kama fomula ya hesabu, alama moja kwa kila jibu. Baadaye niliposhika kitabu cha Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka, kilichotolewa Nairobi mwaka 1979, nikasoma namna anavyolirudisha shairi baada ya shairi kwenye ugomvi wake, mapenzi yake au vita vyake, niligundua kwamba maswali yale manne ndiyo Mwalimu Sikujua alipaswa kuyauliza akiwa na wazee wa Mombasa, muda ukimponyoka.

Nilikipeleka kitabu hicho kwa bibi. Macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha, kwa hiyo mimi ndiye niliyesoma, kibarazani, yeye akisahihisha t zangu. Nilimaliza ubeti mmoja wa maneno makali, wa mtu anayemkaripia mwenzake. Bibi akanyamaza kidogo.

"Alikuwa akimjibu nani?" akauliza.

Nikashuka na kidole mpaka kwenye maelezo, nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Haya," akasema. "Isome tena."